Kopo Nililolificha



Mara nyingi katika kurasa hizi tunasoma habari za mpira, za mitihani na za likizo. Leo mimi ninaandika juu ya kuhara. Msicheke. Ninataka kuungama kosa moja nililolitenda nyumbani, ili mwenzangu asilirudie.

Ilikuwa mwaka 2024, mwezi wa 5. Mnakumbuka jinsi ziwa letu Tanganyika lilivyopanda, maji yakaingia katika nyumba za watu wa kando. Vyoo vilijaa. Hata hivyo watu waliendelea kuchota maji ya kunywa pale pale, maana bidoni ni tupu na watoto wana kiu.

Baba mkubwa wangu ni mvuvi, mtu wa nguvu. Siku ile alirudi asubuhi toka ziwani, akala ugali na ndakala, akalala. Saa sita ya mchana tumbo likaanza. Mpaka jioni alikuwa ametoka inje zaidi ya mara kumi, tena anatapika. Yaliyotoka yalikuwa maji matupu.

Kwanza hatukuogopa. Tulisema: kuhara kunaua watoto, si mwanaume kama huyu. Kisha mama mkubwa akatuma kununua vidonge vya kufunga tumbo. Jirani mmoja akasema, "Musimupe maji! Mukimupa maji, tumbo litazidi kukimbia." Neno lile tuliliamini wote, hata mimi ninayesoma biolojia.

Basi mimi ndiye niliyekaa karibu naye. Aliniita, "Mwana, nipe maji." Nikajibu, "Baba mkubwa, vumilia kidogo." Akaomba tena. Nikachukua kopo la maji lililokuwa juu ya meza, nikalificha chini ya kitanda ili asilione. Mara ya tatu hakuomba kwa sauti, alinitazama tu.

Usiku, karibu saa tisa, alijaribu kusimama, akaanguka. Ndipo tulipotafuta pikipiki na kumpeleka kituo cha afya. Tulifika saa kumi.

Mama mwuguzi hakuanza na dawa. Alianza na maswali: Kumeanza saa ngapi? Ametoka mara ngapi? Kuna damu? Kuna homa? Amekula nini, na mwingine nyumbani anaugua? Amekojoa saa ngapi mara ya mwisho? Kwa swali hilo tulitazamana. Hakuna aliyejua.

Kisha akamtazama. Macho yalikuwa yameingia ndani, ulimi mkavu. Akafinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachilia. Ngozi ikakaa kama kitambaa kilichokunjwa, ikarudi polepole. Akashika mkono na kusikiliza mshipa: unapiga mbio, lakini upo. Akampima uzito: kilo 55. Hapo alikuwa amekwisha kujua jambo la lazima. Alisema, "Sijui bado ni mdudu gani. Lakini ninajua kwamba maji na chumvi vimetoka katika mwili, na ni vile vinavyoua."

Mama mkubwa akalia, "Munganga, umuwekee serumu!" Sisi wote tuliona serumu ndiyo dawa ya kweli. Mama mwuguzi akajibu kwa upole, "Mama, huyu anaweza kunywa. Mulango wa serumu yake ni kinywa." Akachanganya pakiti ya chumvichumvi katika litre moja ya maji safi, akanipa mimi kikombe. Hesabu yake ilikuwa hii: mililita 75 kwa kila kilo, katika muda wa saa 4. Kwa kilo 55 ni litre 4 na kidogo. Yaani kikombe cha robo litre kila dakika 15. Akitapika, tungoje dakika 10, kisha tuanze tena polepole.

Mimi niliyemnyima maji, sasa ndiye niliyemnywesha. Nilihesabu vikombe kwa kuchora mistari kwenye daftari yangu. Kikombe cha tatu alikitapika. Tulingoja, tukaendelea. Saa mbili ya asubuhi ngozi ilikuwa inarudi haraka, akaomba kwenda kukojoa. Ndugu zangu, sijapata kufurahia mkojo wa mtu namna ile!

Nilimwuliza mama mwuguzi, basi serumu ni ya nani? Akaniambia: ni ya mtu asiyeweza kunywa, anayelala bila kujitambua, au ambaye mshipa wake hausikiki vizuri. Huyo apelekwe mbio, asingojewe. Mtu mzima wa kilo 55 wa namna hiyo anahitaji litre 5 na nusu za Ringer katika muda wa saa 3, na sehemu ya kwanza iingie kwa nusu saa. Lakini hata njiani, kama anaweza kumeza, anyweshwe.

Nikamwonyesha vile vidonge vyetu. Akatikisa kichwa. Kufunga tumbo hakurudishi maji, na penye damu au homa kunaweza kudhuru. Antibiotiki nazo si za kila kuhara. Mara nyingi kuhara kwa maji kwa mtu mzima kunaletwa na virusi au chakula kibaya, na kunapita kwenyewe kwa siku chache. Antibiotiki ni kwa kuhara damu pamoja na homa, au kwa kipindupindu kikali, na munganga ndiye anayeamua.

Maana kipindupindu nacho si mgeni kwetu. Kimekaa kando ya maziwa ya mashariki mwa Kongo tangu mwisho wa miaka ya 1970, na katika mwaka 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi kule Goma. Kinyesi chake kinafanana na maji ya kuosha mchele. Kwa hiyo mama mwuguzi alichukua kidogo cha baba mkubwa, akakituma maabara. Jibu lilikuja siku ya tatu: si kipindupindu. Siku hiyo baba mkubwa alikuwa amekaa inje, anashona nyavu zake. Kama tungengojea jibu ndipo tumnyweshe, lingemkuta kaburini.

Niliporudi masomoni nilimwuliza mwalimu wa biolojia kwa nini sukari inawekwa pamoja na chumvi. Alisema kwamba katika utumbo sukari inaifungulia chumvi mlango, na maji yanaifuata chumvi. Mlango huo haufungwi hata wakati wa kuhara. Akatueleza habari ya mwaka 1971: katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India, serumu za mshipa hazikutosha. Dokta Dilip Mahalanabis akajaza maji ya chumvi na sukari katika mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilishuka toka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4 kwa mia. Wanyweshaji walikuwa ndugu tu, kama mimi na daftari yangu.

Basi, shikeni haya. Pakiti ikikosekana: litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Msizidishe chumvi. Mgonjwa anywe tangu mara ya kwanza anapotoka inje, na kikombe kila baada ya kutoka tena. Ale chakula kama anaweza. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni. Mkiona damu, homa kali, kutapika kusikokoma, kukosa mkojo, kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida, nendeni kituoni hata usiku.

Wakati wa likizo nilimwambia baba mkubwa ukweli juu ya kopo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwana, kama ni wewe ungeugua, hata mimi ningekuficha maji." Sasa pakiti mbili zinakaa katika sanduku la nyavu zake, na jirani yule amekuja kuomba moja.

Ni mimi, mwanafunzi wa mwaka wa 5, Kemia-Biolojia.