Jina Lako Halikuitwa

Leo nataka kusema na wewe uliyesoma orodha ukateremka mpaka chini kabisa, ukarudia tena kutoka juu, na jina lako halimo.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kanisa letu alikosa kazi aliyoitiwa mahojiano mara tatu. Nikamsimulia habari za Jeremy Lin, mwana wa wahamiaji kutoka Taiwan, aliyecheza mpira wa vikapu Marekani katika nafasi ya gadi. Alimaliza Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2010. Mwaka huo, katika drafti ya NBA, timu zilichagua wachezaji 60. Yeye hakuchaguliwa. Golden State Warriors wakamsajili baadaye, na Desemba 2011 wakamwacha. Houston Rockets wakamchukua, nao wakamwacha mkesha wa Krismasi. New York Knicks wakampa nafasi ya mwisho kwenye benchi. Usiku alilala kwenye kochi la ndugu yake.

Tarehe 4 Februari 2012, timu ikiwa imelemewa, kocha akamwingiza. Akafunga alama 25. Siku sita baadaye akawafunga Lakers alama 38. Knicks wakashinda mechi saba mfululizo, na dunia nzima ikalijua jina lake.

"Zamu yako inakuja!" nikamwambia yule kijana.

Akanitazama, akauliza kwa upole, "Na isipokuja, Pasta?"

Mpendwa, swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Maana habari ya Lin nilikuwa nimeikatia katikati. Msimu uleule goti lake lilifanyiwa upasuaji. Akahama timu baada ya timu. Mwaka 2017, mechi ya kwanza ya msimu, akaumia tena goti na msimu ukaishia hapo. Mwaka 2019 akawa bingwa wa NBA na Toronto Raptors. Lakini wiki chache tu baadaye, akiwa hana timu, ndugu huyu asiyeificha imani yake alisimama mbele ya watu kule Taiwan akalia. Pete ya ubingwa haikuyazuia machozi.

NBA haikumwita tena. Akaenda kucheza China, kisha Taiwan, nchi ya wazazi wake, ambako alicheza timu moja na mdogo wake. Alistaafu mwaka 2025.

Nilikosea kumwahidi kijana yule siku ambayo Mungu hakuniambia niiahidi. Orodha ya wanadamu inaonyesha nafasi zilizokuwepo na macho yaliyotazama siku hiyo. Haiwezi kukuambia wewe ni nani. Kama kuitwa kungetosha kumshibisha mtu, Lin asingelia akiwa bingwa. Aliye kwenye kochi na aliye na pete wote wanahitaji Baba yuleyule, anayewajua kabla orodha haijabandikwa.

Nilimwita kijana nikamwomba msamaha. Bado hana kazi. Jumapili nilimkuta kanisani mapema, akipanga viti, na mfukoni ana bahasha ya maombi mengine ya kazi.

Wewe je? Kama hukuitwa, andika jina lako hapa chini. Jioni hii nitayasoma mbele za Bwana, moja baada ya lingine, wala sitaruka hata moja.

Ubarikiwe.