Talanta Moja Si Haba

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo makanisani mwetu halihitaji tena mkalimani. Neno hilo ni "talent". Husikika kwenye matangazo ya ibada, kwenye kambi za vijana, na kwenye fomu za wanaojiunga na kwaya: andika jina, namba ya simu na "talent" yako. Sote tunaelewa kinachoulizwa. Unajua kuimba? Unapiga kinanda? Unaigiza, au una ulimi wa kuhubiri?

Nimelitafakari neno hili kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mwanangu wa pili. Ana miaka tisa. Hasemi, wala hatembei bila kushikwa. Siku ya watoto, wenzake wanapopanda jukwaani kuonyesha vipaji vyao, yeye hukaa mapajani pangu akipiga makofi, mara nyingine kabla wimbo haujaisha. Watu wema huniinamia na kuniambia, "Mama, usijali, kila mtoto ana talent yake. Yake itaonekana tu." Huwashukuru, kwa maana najua wananitakia mema. Lakini usiku, ninapoamka kumgeuza ubavu, swali hunijia: na isipoonekana?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye Mathayo 25, maana neno lenyewe limetoka huko. Katika Kigiriki talanta ilikuwa kipimo cha uzito, kisha ikawa kiasi cha fedha chenye uzito huo. Kiingereza kililipokea neno kupitia Kilatini likiwa na maana hiyo hiyo. Ilikuwa katika karne ya 15 ndipo Waingereza walipoanza kuuita uwezo wa kuzaliwa nao "talent", kwa sababu ya mfano huu wa Yesu. Mfano ulihubiriwa mpaka fedha ikasahaulika, ukabaki uwezo. Leo hata anayeshindana kucheza dansi kwenye televisheni anatumia neno la Injili bila kujua.

Sina ugomvi na maana hiyo mpya. Lakini nikisoma mfano wenyewe polepole, naona mambo ambayo maana mpya imeyafunika.

La kwanza ni ukubwa wa talanta. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na katika Mathayo 20 tunaona dinari moja ikilipwa kibarua kwa kazi ya siku nzima. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, angehitaji miaka 20 kuipata talanta moja, tena bila kula. Kwa hiyo yule mtumwa wa tatu, ambaye huwa tunamwonea huruma kwa kupewa kidogo, alikabidhiwa mshahara wa miaka 20. Kwa Mungu hakuna aliyepewa haba.

La pili lilinifanya niweke Biblia chini kwa muda. Mfano unasema bwana yule aligawa talanta akitazama uwezo wa kila mtumwa. Basi uwezo ulikuwapo kabla ya talanta. Uwezo ni kitu kimoja, na talanta ni kingine: ni mali ya bwana iliyowekwa mikononi mwa mtu aitunze na kuizalisha. Kiswahili chetu kinalijua hili, maana tunasema "kipawa", yaani kitu ambacho mtu amepawa. Neno lenyewe linatukumbusha kwamba yupo aliyetoa.

La tatu: mwenye tano na mwenye mbili walisifiwa kwa maneno yale yale. Bwana hakuwapanga kwa wingi wa faida. Alitazama uaminifu.

Tangu hapo, kwa mwanangu nauliza swali jingine. Nauliza amekabidhiwa nini, na sisi tumekabidhiwa nini kupitia kwake. Talanta ya Wagiriki ilikuwa na uzito wa takriban kilo 26. Mwanangu hapungui sana hapo, nami humbeba kila Jumapili kutoka stendi mpaka mlango wa kanisa. Vijana wawili wamejipa kazi ya kunipokea kwenye ngazi, hakuna aliyewatuma. Na yuko bibi mmoja mjane anayefika mapema apate nafasi karibu naye. Mtoto humshika mkono tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, hamwachi. Bibi huyo aliniambia kwamba wiki nzima hakuna mwingine anayemshika mkono.

Hilo halipandi jukwaani, wala halina mahali pa kuandikwa kwenye fomu. Lakini naamini Bwana analihesabu.

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kuliacha wazi lile pengo la "talent", ukajiona huna la kumletea Mungu. Tazama tena mikononi mwako. Huenda umewekewa mgonjwa wa kumlisha, jirani asiyetembelewa, funguo za kanisa, au saa moja ya jioni isiyo na kazi. Bwana atakaporudi, hatatuuliza kama tulipigiwa makofi. Atauliza tulikifanyia nini kile alichotuachia. Atusaidie tusikifukie.