Jiwe la Mpaka



Mimi ni mwalimu wa chuo, na umri wangu umepita miaka 60. Kazi yangu tangu ujana ni kuwafundisha watoto alifu, na kuwasomea wakubwa vitabu vya fiqhi baada ya sala ya magharibi. Nimezaliwa Pangani, mahali ambapo mtu akitaka kuona mbali hupanda mnazi. Basi usistaajabu nikikwambia kuwa mlima nimeujua uzeeni, tena katika nchi ya watu. Nakusimulia khabari za siku moja tu niliyotembea juu ya mgongo wa milima, kati ya Austria na Italia, kwa sababu siku hiyo ilinitoa aibu, na aibu hiyo imenifaa.

Sababu ya safari ni ndoa. Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi katika mji wa Lienz, upande wa Austria. Alimposa binti wa wazee wa Kibosnia waliohamia huko, nami nikaitwa nikaisimamie akdi. Kaka yangu hakuja, miguu haimwezeshi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo ningependa kulificha. Mimi na kaka yangu, baba mmoja na mama mmoja, tulikuwa hatusemezani kwa muda wa miaka 9. Marehemu baba alituachia shamba la minazi, tukagawana, na mpaka ukawa safu ya minyaa. Minyaa ikafa mahali, ikapandwa upya, na minazi 3 ikaonekana iko upande usiokuwa wake. Kila mmoja wetu alikuwa na mashahidi wake. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha watu kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, nilimhama wangu kwa minazi 3. Nilikuwa nikiifika mas-ala hiyo darasani naipitia mbio, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya anayemdai.

Baada ya arusi yule kijana akaniambia, "Baba mdogo, kesho kutwa nikupeleke mlimani ukaone." Nikakubali. Tulilala katika nyumba ya wapandaji iitwayo Sillianer Hütte, iliyojengwa juu ya mgongo wenyewe, mita 2,447 kutoka usawa wa bahari. Tulisali alfajiri, na ilipofika saa 12 asubuhi tukashika njia. Wapandaji huanza mapema, kwani siku za joto mawingu ya radi huja alasiri, na juu ya mgongo hakuna pa kujificha.

Usidhani kuwa milima yote ya huko ni mawe makali na theluji. Sehemu hii ya milima ya Karni ina majani juu kama zulia, na mgongo wake unakwenda ukipanda na kushuka, upande wa kushoto Austria, upande wa kulia Italia. Mwezi ulikuwa Julai. Maua yalikuwa ya manjano, ya buluu na ya waridi, mafupi yote, yameinama chini kwa ajili ya upepo. Kuna mnyama mfano wa pimbi, lakini mnene zaidi, ambaye akikuona hupiga mluzi mkali kuwaonya wenziwe, kisha huingia shimoni. Ng'ombe huletwa malishoni wakati wa joto, nao hushushwa mabondeni kabla ya theluji. Kila mmoja ana kengele shingoni, nasi tukawa tunazisikia hata tusikowaona.

Kwa upande wa kusini, ng'ambo ya bonde, ilisimama milima ya Dolomiti, myeupe, mitupu, imechongoka kama magofu. Kijana akaniambia kuwa wataalamu wamekuta ndani ya mawe yake matumbawe na makombe ya bahari, kwani zamani za kale, mamilioni ya miaka iliyopita, pale palikuwa na bahari ya joto na miamba ya matumbawe kama ya kwetu. Nilisimama kitambo kirefu. Nyumba niliyozaliwa imejengwa kwa mawe ya tumbawe. Sikutarajia kwenda mbali namna ile nikakuta mlima wa mawe ya ukoo mmoja na ukuta wa mama yangu. Nikasema, Subhanallah, Mwenye kuinua na kushusha.

Lakini mahali pale pana khabari nyingine. Tarehe 23 Mei 1915 Italia ilitangaza vita juu ya dola ya Austria na Hungaria. Askari wengi wa kawaida wa sehemu hizo walikuwa wamekwisha pelekwa kupigana na Warusi, kwa hiyo waliopanda kwanza kulinda milima walikuwa pamoja nao wazee wa umri wangu na watoto wasiotimia miaka 18. Vita vikakaa milimani hata mwisho wa mwaka 1917. Walichimba mahandaki katika mwamba, wakalala humo siku za baridi, na theluji ikaua watu sawasawa na risasi. Tarehe 13 Desemba 1916 peke yake, katika mlima wa Marmolada, poromoko la theluji liliifunika kambi moja na kuua zaidi ya askari 200.

Njia tuliyokuwa tukiipita ilikuwa na alama za mahandaki hayo pembeni mwake, majani yameota juu yake. Yapata saa 4 tukafika mahali paitwapo Hochgränten. Pana ziwa dogo, na karibu yake makaburi ya askari, machache, yamezungushiwa mawe, na misalaba ya mbao. Hawakuwa watu wa dini yangu, lakini mauti hayana mgeni. Tulikaa kimya. Nilijiuliza, hawa walikufa kwa ajili ya nini? Na jibu lilikuwa chini ya miguu yangu, yaani mgongo wa majani ambao ng'ombe hupita apendavyo.

Wala usiseme kuwa hayo ni ya Wazungu, hayatuhusu. Mbele zaidi katika milima hiyo hiyo, upande wa Italia, wanawake wa vijijini walikuwa wakipandisha risasi na chakula kwa askari, ndani ya matenga mgongoni, mzigo wa kilo 30 na zaidi. Mmoja wao, Maria Plozner Mentil, mama wa watoto 4, alipigwa risasi Februari 1916, akafa. Na mwezi huo huo, tarehe 12, hapa kwetu watu walikuwa wakiuana katika kilima cha Salaita karibu na Taveta, kwa ajili ya mpaka ambao Mwingereza na Mjerumani waliuchora wenyewe. Wapagazi wetu walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku tukienda sokoni limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi, lakini hakuweza tena kubeba kitu kichwani.

Na Waislamu pia walikuwamo. Bosnia ilikuwa chini ya dola ya Austria, na vikosi vya Wabosnia vilipigana katika milima ya mpaka wa Italia, wamevaa tarbushi, wakiwa na maimamu wao. Sheria ya Austria ya kuutambua Uislamu ilitolewa mwaka 1912. Katika kijiji cha Log pod Mangartom, ambacho leo kiko Slovenia, askari hao walijenga msikiti wenye mnara wakati wa vita. Msikiti haupo tena, makaburi yapo. Babu wa baba wa yule bibi arusi wetu alikuwa askari wa vikosi hivyo.

Tulipokwisha kupita kilele cha Eisenreich, mita 2,665, wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Nilikuwa nimechoka, magoti yanatetemeka, na kijana amenishika mkono mahali pembamba kama nilivyokuwa nikimshika yeye akijifunza kwenda. Tukatawadha kwa maji ya chupani. Kibla cha pale ni kusini mashariki. Karibu yetu palikuwa na jiwe la mpaka, fupi, halifiki goti, lina nambari. Tulisali adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili, sala ya msafiri, na nilipotazama nikaona kuwa miguu yangu iko Austria na paji langu la uso linasujudu Italia. Hakuna askari aliyekuja kuniuliza. Mpaka huo uliwekwa kwa mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, na watu wa mabonde ya pande zote mbili bado wanazungumza Kijerumani. Tangu Aprili 1998 ukaguzi wa kawaida wa mpakani uliondolewa. Na njia zile za vita, tangu mwaka 1973 watu wa kujitolea walizitengeneza ziwe njia ya amani.

Baada ya kutoa salamu, kijana akaliwekea jiwe mkono, akaniuliza kwa adabu, "Baba mdogo, lile la shambani ni kubwa kuliko hili?"

Nikanyamaza. Akasema, "Baba ndiye aliyesema uitwe wewe. Mimi nilitaka imamu wa hapa, ni karibu. Akaniambia, hapana, akuozeshe baba yako mdogo."

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu miaka mingi, wala hakuna ukurasa ulionipiga kama maneno hayo. Tulishuka mpaka kwenye ziwa la Obstanser, mita 2,304, bila ya mimi kusema neno. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Nilirudi nyumbani, na siku ya tatu nikenda kwa kaka yangu. Nilimkuta barazani. Nikasema, "Shikamoo kaka." Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Marahaba. Yaani imekubidi upande mlima wa Ulaya ndipo ulione jiwe la kwetu?" Sikuwa na jawabu. Nikamwambia anisamehe, na minazi ni yake. Akacheka kidogo. Akaniambia kuwa katika ile 3, miwili imekufa kwa ugonjwa wa minazi, yapata miaka 4 sasa. Sikujua. Miaka 9 sikutia mguu wangu pale, nilikuwa naigombania miti ambayo haipo.

Sikudanganyi kuwa yote yalitengenea siku ile. Kuna mambo mengine tuliyokuwa tumeambiana, na hayo huchelewa kupoa kuliko vita. Lakini nakwenda kila Ijumaa baada ya sala, tunakunywa kahawa, na safari hii mas-ala ya siku 3 nimeisomesha darasani taratibu, neno kwa neno.

Basi nawe, kama unaye ndugu uliyemhama, usingoje mlima. Huenda huo unaougombania umekwisha kauka zamani, nawe hujapata khabari. Mwenyezi Mungu atupatanishe sisi na jamaa zetu kabla ya mauti hayajatupatanisha kwa udongo. Amin.

Wassalaam.