Urembo Unaokula Bando

Jamani, urembo mwingine hasara tupu! Mwaka 1991 Tim Berners-Lee, akiwa kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, aliwaonyesha watu ukurasa wa kwanza wa intaneti: maandishi matupu, basi. Baadaye vijana wakajimwaga GeoCities: rangi kali, picha zinachezacheza, muziki juu. Mwaka 2009 Yahoo wakaifunga Marekani.

Leo kurasa zinang'aa kama bibi harusi, ila zimesheheni video na matangazo. Juzi nasaka kazi, bando likaisha kabla sijaona pa kutuma barua! Ule wa 1991, CERN waliurudisha mwaka 2013, unafunguka chapchap. Wabunifu, tuoneeni huruma: wengine tunatafuta kazi kwa bando la kukopa. Au nasema uongo?