Siyu: Kofia Moja na Hesabu Zake



Mwezi uliopita tulijaaliwa kufika Siyu, katika kisiwa cha Pate, kumpa mkono wa rambirambi mwenzetu tuliyesoma naye chuoni utotoni, aliyefiwa na mamaake. Ahali yetu alifuatana nasi. Lau si yeye, makala haya yangekuwa ni habari za ngome na magofu tu, kwa sababu mambo tunayokusudia kuyaeleza hayakuwa barazani walipokaa wanaume, bali yalikuwa ndani.

Aendaye Siyu kutoka Lamu hupanda mashua ya injini hadi Mtangawanda, na mashua hiyo hupita Mkanda, ule mlango mwembamba uliopo baina ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakitoka, Mkanda haupitiki. Basi saa ya kuondoka haiwekwi na nahodha wala abiria. Huwekwa na bahari. Tulikaa gatini tangu alfajiri, tukaondoka maji yalipojaa, mikoko ikiwa kulia na kushoto, tumebanana na magunia ya unga, magodoro na kuku wa watu. Mtangawanda tulipanda bodaboda mbili, ahali yetu yake na sisi yetu, tukapita njia ya mchanga hadi mjini.

Siyu ya leo ni mji mdogo. Asiyejua habari zake ataona nyumba za makuti na za mawe, punda wamesimama kivulini, na ile ngome kubwa iliyo ukingoni mwa mkono wa bahari. Lakini karne mbili zilizopita Bwana Mataka wa mji huu alimkatalia Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na majeshi ya Sayyid yalikuja yakarudi bila ya kupata walichokifuata. Kwetu sisi watu wa vyuoni, fahari kubwa ya Siyu si vita. Ni kalamu. Hapa palikuwa na wanavyuoni na waandishi walionakili misahafu kwa mikono yao, wakaipamba pambizo kwa nakshi za rangi, na misahafu hiyo ikasafiri pwani nzima. Palikuwa pia na mafundi wa milango, wa samani na wa ngozi. Makubadhi ya Siyu yalikuwa yakivaliwa na watu wenye vyeo vyao. Tunaomba msomaji aliweke moyoni neno hili la kalamu, tutalirudia.

Baada ya kusoma dua na kunywa kahawa, tulibaki barazani na wanaume, tukazungumza habari za samaki, za mvua na za vijana waliokwenda Mombasa wasirudi. Ahali yetu alikuwa ndani. Alasiri, mtoto mmoja wa kike akatoka, akatuambia kuwa bibi yake anaitaka kofia ya shehe aitazame.

Kofia yenyewe ni ya vito, tuliyoinunua Mombasa kabla ya Idi. Mwenye duka alitaka shilingi 6,000, nasi kwa ulimi wetu tukamteremsha hadi 4,500. Hatufichi kwamba tulijisifu kwa jambo hilo, nyumbani na msikitini. Tukaivua, tukabaki kichwa wazi mbele ya watu, jambo ambalo kwa umri wetu halikutupendeza, tukampa mtoto. Punde tukaitwa ukumbini.

Bibi yule ni makamo ya mama yetu. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Kofia hakuitazama kwa juu kama tuitazamavyo sisi wavaaji. Aliipindua ndani nje, kwani kazi ya sindano husomwa kwa nyuma, akapitisha kidole juu ya vitundu kimoja kimoja. Wasomaji wetu wa kike huenda wanalijua jambo hili, ila kwa wanaume wenzetu tutalieleza: kofia ya vito huanza na nguo nyeupe iliyopigwa tabaka mbili, ikachorwa nakshi kwa penseli. Kisha kila kitundu hutobolewa, na ukingo wake huzungushiwa uzi, mshono juu ya mshono, hadi kitundu kikae wazi kama jicho. Vitundu hivyo huwa mamia kwa mamia katika kofia moja. Mkono ukitetemeka kimoja, safu nzima huonekana imepinda. Kazi hii hufanywa baada ya kupika, baada ya kuchota maji, watoto wakishalala, na macho ndiyo yanayolipa.

"Hii ni kazi ya miezi miwili na siku kumi," akasema. "Wewe, shehe wangu, uliinunua kwa ngapi?"

Tukamwambia. Akanyamaza. Kisha akasema, bila ya hasira, kwamba yeye kwa kofia kama ile hupewa shilingi 2,000, na nguo na uzi ni juu yake.

Tulipiga hesabu pale pale, na hesabu haikutupa raha. Shilingi 2,000 kwa siku 70 hazifiki shilingi 30 kwa siku, kabla ya kutoa gharama ya uzi. Na zile 1,500 tulizojisifia kuziteremsha, tulitaka kuzitoa katika mfuko wa nani? Hatusemi kuwa mwenye duka ni dhalimu. Ana kodi ya duka, ana nauli, na kofia huweza kukaa kabatini mwaka mzima huku kofia za mashine zitokazo ng'ambo zikinunuliwa kwa mia chache tu. Lakini kila mmoja wetu, kuanzia sisi tuliovaa, alikuwa amepunguza kidogo, na aliyekuwa mwisho wa mnyororo hakuwa na wa kumpunguzia.

Hilo nalo si kubwa kuliko alilolisikia ahali yetu ndani. Bibi yule ana kofia nne alizompa mchukuzi mmoja kwa mali kauli tangu kabla ya Ramadhani. Mbili, asema mchukuzi, zimeuzwa na fedha zitakuja. Mbili hazijulikani ziliko. Akiulizwa lini, hujibu inshallah. Bibi hana karatasi, hana shahidi, hana hata kumbukumbu ya bei waliyoafikiana. Jirani yake anayesuka misala na mikeka ya ukili ana kisa kama hicho, ila yeye hupewa unga badala ya fedha, kwa bei anayoitaka mwenye unga.

Hapa ndipo tuliporudi kwenye ile kalamu. Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani Tukufu, iliyomo katika Suratul Baqara, haisemi habari za swala wala za hija. Inasema habari ya kuandika deni, na haikubagua deni dogo na kubwa. Wazee wa Siyu waliinakili aya hiyo kwa mikono yao mara zisizohesabika, na wajukuu zao wa kike wanatoa jasho la miezi kwa neno la mdomo! Tuliwauliza wanaume barazani. Mmoja akasema kuwa kumwandikisha mtu unayemjua ni kumvunjia heshima. Tukamjibu kuwa Mola wetu aliwaamrisha hayo masahaba, nao walikuwa wakijuana zaidi yetu.

Mwengine akauliza, kwa mzaha ulio nusu kweli, fedha za mke za nini hata ziandikwe, na hali mume yupo. Huyu tulimjibu kwa kirefu. Chumo la mke ni mali yake. Mume hana haki nalo ila kwa ridhaa yake, na masurufu ya nyumba hayamwondokei mume kwa kuwa mke ana sindano. Bibi Zaynab bint Jahsh, mama wa waumini, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na alichopata akikitoa sadaka kwa hiari yake. Fundi mmoja wa makubadhi aliyekuwa pembeni akikata soli alicheka, akasema basi kazi yake ina nasaba.

Tukataka kuagiza kofia nyengine, kwa njia iliyo safi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, anayenunua kwa bei ya salam, yaani kitu kilichoelezwa sifa kitakachotolewa baadaye, ni lazima alipe thamani yote hapo kikaoni. Tukaafikiana shilingi 4,000. Tulipopapasa mfuko, tukitoa nauli ya kurudi, tulikuwa na 2,500. Kubabaika kwetu kulionekana. Ahali yetu akafungua kijipochi chake, zilimo fedha zake za visheti na mabuyu anayouza nyumbani, akatukopesha 1,500.

Mtoto wa kike alitumwa dukani akaleta daftari la shule. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa hati nzuri ya chuoni: nguo nyeupe, uzi wa rangi ya maziwa, kipimo cha kichwa inchi 22 na nusu, itolewe tarehe mosi Rajabu, fedha zimepokelewa zote. Mashahidi wakatia sahihi. Ukurasa wa pili akaandika zile kofia nne, jina la mchukuzi na bei, na mwenzetu aliyefiwa akaahidi kumpelekea mtu huyo daftari alisome na atie mkono wake.

Tulidhani yamekwisha. Lakini ahali yetu akalivuta daftari, akamwomba mtoto ukurasa mmoja, akauchana. Karatasi hiyo imo ndani ya kabati lake la nguo hivi tunavyoandika, ina jina letu na shilingi 1,500, na bado hatujalipa ila 500.