Walibeba Vioo, Wakaacha Kompyuta

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa na intaneti kafe Kinondoni. Askari kanzu walikuja kwa sababu ya barua pepe ya vitisho aliyotumiwa mfanyabiashara mmoja. Wakapekua chumba kizima kana kwamba wanasaka gongo, kisha wakabeba vioo vitatu kama vielelezo. Maboksi yenye diski, yanayonguruma chini ya meza, hawakuyagusa. Nilipotaka kueleza, mkubwa wao akagonga kioo kwa kidole: “Kijana, barua si imeonekana humu?” Nikanyamaza.

Siwacheki sana. Mahakama zenyewe zilisubiri mpaka 2007, Sheria ya Ushahidi iliporekebishwa, ndipo kesi za jinai zikapokea ushahidi wa kielektroniki.

Kilichowazindua polisi ni pesa za simu. M-Pesa iliingia nchini 2008, na baadaye ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” ukawafikia hata wao na wake zao. Ukienda kituoni kuchukua RB, swali la kwanza likawa namba ya muamala. Ila sasa jina lililosajili laini ndilo likawa mwizi, wakati laini zilikuwa zikisajiliwa chini ya miavuli kwa kitambulisho chochote. Usajili wa alama za vidole wa 2019 ulisaidia, ingawa wapo mawakala waliomwambia mteja abonyeze tena, “imegoma,” wakajipatia laini ya pili kwa jina lake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ikaleta barua rasmi za polisi za kudai taarifa kwa watoa huduma. Nyingi zilitaja anwani ya IP na tarehe, basi. Anwani moja hutumiwa na wateja chungu nzima kwa pamoja. Bila saa kamili na namba ya poti humpati mtu. Saa nayo ina mtego: seva za ng’ambo huandika saa za Greenwich, tatu nyuma yetu, na mpelelezi akiandika “saa nne” bila kusema asubuhi au usiku, tumekwisha.

Siku hizi nafanya kazi kwa mtoa huduma, na barua hizo hupita mezani kwangu. Juzi afande mmoja, binti mdogo tu, alipiga kwanza simu kuuliza kumbukumbu zetu hukaa muda gani kabla ya kufutwa. Barua yake ikaja na poti, sekunde, kila kitu. Wiki hiyohiyo mwenzake wa wilaya ya jirani akaagiza tumpe nywila ya WhatsApp ya mtuhumiwa, haraka iwezekanavyo.