Mifupa na Karatasi Zake

Kila tutajapo kilima cha Tendaguru, kule Lindi, twamkumbuka yule mjusi mkubwa aliyesimamishwa mwaka 1937 katika makumbusho ya viumbe ya Berlin, mwenye kimo cha mita 13. Twauliza: atarudi lini? Swali hilo ni la haki, wala hatulifuti. Lakini kuna jambo jingine lisilosemwa sana, nalo ni karatasi zake.

Baina ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliajiri mamia ya wenyeji kuchimba kilima kile. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, na uzito wake wote ulipita tani 200. Kila shimo lilipewa alama yake. Mifupa mingi ya mjusi huyo imeandikwa S II, yaani mnyama wa pili wa shimo S. Alama hiyo ikipotea, hakuna ajuaye tena mfupa ulilala tabaka gani, wala ulilala pamoja na nini. Hubaki jiwe lenye umbo zuri. Kwa maandishi hayo pia twamjua Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa heshima kwa kumwita mjusi mwingine wa hapo *Australodocus bohetii*. Wabebaji twawajua kwa hesabu zaidi kuliko kwa majina.

Siku hizi kompyuta yaweza kuufikisha ukurasa wa daftari Lindi siku ile ile usomwapo Berlin. Basi madaftari, picha na ramani za mashimo vifunguliwe vyote, tena vifasiriwe kwa Kiswahili, maana Kijerumani chake hakimfai mwanafunzi wa Lindi. (Makao ya viumbe adimu walio hai ni jambo mbali, hayo yasitangazwe ovyo, kwani majangili nao husoma.)

Hata hivyo, sisi tuliotumika ofisini hatuna uso wa kuwadai wengine tu. Tulipata kufungua kabati la ofisi moja, tukakuta majani ya miti yaliyokaushwa kwa ustadi. Gundi ilikuwa imekauka, na vikaratasi vyenye majina, mahali na tarehe vimerundikana chini kama makapi. Lipi la Uluguru, lipi la Upare? Tulivikusanya tukavitia katika bahasha. Hadi leo hatujui kipi ni cha jani lipi.